Gari Kuukuu na Asubuhi za Baridi



Juma hili tunawaandikia kutoka Nyanda za Juu Kusini, ambako miezi ya Juni, Julai na Agosti huja na baridi wasiyoifahamu ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga. Mji wa Njombe uko takriban meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo kule Makete umeinuka hadi kufikia meta 2,600 hivi. Katika miezi hiyo sakitu hulala juu ya nyasi na mashamba ya viazi, na maji yaliyoachwa nje katika beseni huamka yakiwa na utando wa barafu. Watu huota moto na kujifunika mablanketi. Lakini gari lililolala nje halina wa kulifunika, na alfajiri hutakiwa kuamka kabla ya mtu yeyote.

Jambo hili si dogo kama linavyoweza kuonekana kwa mkazi wa mjini. Katika vijiji vingi vya huku magari yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: la misheni, la zahanati likiwa zima, na pikapu ya mfanyabiashara wa viazi au mbao. Mgonjwa akizidiwa usiku, watu hawaulizi gari ni la nani, huuliza kama litawaka. Ndiyo maana tumeona yafaa tutafakari pamoja juu ya gari kuukuu linalogoma wakati wa baridi, na namna ya kutafuta chanzo cha ugonjwa wake kabla ya kuliandikia dawa.

Gari tunalolitumia kwenda vigangoni ni Land Cruiser ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita, ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabo wala kompyuta. Ni injini yenye sifa ya uvumilivu, na mafundi wengi wa vijijini wanaifahamu vizuri. Hata hivyo, mwaka juzi ilipoingia Juni ilianza tabia mpya. Mchana iliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Alfajiri ilizungushwa na starta mara nne au tano bila jibu, kisha ikashika kwa kutetemeka kama mtu mwenye homa, huku moshi mweupe mzito wenye kuwasha macho ukijaza ua mzima. Hata ikishakubali, kwa kilometa tano au sita za kwanza haikuwa na nguvu. Kilima ilichozoea kukipanda kwa gia ya tatu ilikidai kwa gia ya pili.

Usiku mmoja wa Julai waliletwa kwetu mama mjamzito na mama mkwe wake, uchungu ukiwa umeanza tangu jioni. Gari likakataa. Vijana wa jirani waliamshwa, wakalisukuma hadi kwenye mteremko, likashtuka mwishoni kabisa mwa mteremko ule, mahali ambapo kama lingekataa tena lisingekuwa na pa kwenda. Tulifika hospitali salama, na mtoto yule leo anatembea. Lakini kuanzia usiku ule hakuna aliyesema tena kwamba ni shida ya baridi tu na itapita yenyewe.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alisikiliza mlio, akautazama moshi, akatoa hukumu papo hapo: pampu na nozeli vishushwe vyote vipelekwe mjini, na ikionekana mgandamizo umepungua, injini ifumuliwe. Gharama aliyoitaja ilikuwa sawa na bei ya magunia mengi sana ya viazi, na kwa kweli ni magunia ya viazi ambayo yangelipa, kwa maana jumuiya zilikuwa tayari kuchanga baada ya mavuno. Hapo ndipo lilipokuwa suala zito. Fedha ile ilikuwa jasho la wajane na vijana, na baadhi yao walikuwa bado hawajalipa ada za watoto wao. Je, tuitumie kwa kazi ambayo hatujui kama ndiyo itakayoponya gari? Na tukikataa kuitumia, usiku mwingine wa uchungu ukija tutasemaje?

Katika kikao cha kulijadili jambo hilo alisimama mzee mmoja, dereva mstaafu aliyeendesha malori miaka mingi katika barabara za Makambako na Songea. Akasema kwa upole, “Baba Paroko, na ninyi wanangu, mganga hapasui tumbo la mtu kabla ya kumwuliza anaumwa wapi na tangu lini. Nipeni asubuhi tatu na huyo mgonjwa wenu.” Kikao kikampa.

Kabla ya kueleza alichokifanya, yafaa tukumbushane jinsi injini ya dizeli inavyofanya kazi, kwa kuwa bila kufahamu hilo dalili zote huonekana sawa. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu majaribio ilikamilika mjini Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja analolijua kila mtoto aliyewahi kujaza upepo kwenye baiskeli: hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya injini kama hii yetu hewa hubanwa zaidi ya mara 22, hata ikafikia joto la nyuzi 500 na zaidi. Dizeli ikinyunyizwa humo kama ukungu, hujiwakia yenyewe.

Sasa fikirini asubuhi ya sakitu. Hewa inayoingia ni ya baridi, na kuta za silinda ni za baridi nazo hunyonya joto lile kabla halijafanya kazi. Tena katika mwinuko wa meta 2,000 hewa yenyewe ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, hivyo hata ikibanwa haifikii mgandamizo uleule. Oili ni nzito, betri ni dhaifu kwa sababu ya baridi, starta inazungusha polepole, na hewa inayobanwa polepole hupata muda wa kuvuja na kupoa. Kwa sababu hizo watengenezaji huweka katika kila silinda kijiti cha umeme cha kupasha joto, ambacho mafundi wetu hukiita hita plagi. Ufunguo ukiwekwa hatua ya kwanza, ncha ya kijiti hicho huwa nyekundu kama kaa la moto ndani ya kichumba kidogo dizeli inamonyunyiziwa. Injini ikishapata joto, kijiti hakihitajiki tena.

Mzee wetu hakugusa spana siku ya kwanza. Aliuliza maswali. Gari likiwa la moto, linawaka mara moja? Ndiyo. Moshi ni wa rangi gani? Mweupe, nao hufifia injini ikipata joto. Maji ya rejeta hupungua? Hapana. Oili hupungua? Kidogo, kama siku zote. Akatufafanulia maana ya kila jibu. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na yafaa kuanza na kichujio cha hewa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyonyunyizwa lakini haikuwaka, ikatoka kama mvuke. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa ya moto, huku maji yakipungua, ni maji yanayoingia ndani, na hapo ndipo mtu anapotakiwa kuiogopa gasketi ya silinda. “Gari lenu linapata dizeli,” akasema. “Lisingepata, lisingetoa moshi. Linachokosa ni joto. Tutafute joto limepotelea wapi.”

Tazameni jinsi maswali manne yalivyoondoa nusu ya hofu zetu bila senti moja kutumika. Mgandamizo ukiwa umekwisha kabisa, gari husumbua hata mchana. Pampu ikiwa imechakaa sana, mara nyingi husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, kwa kuwa dizeli iliyopata joto huwa nyepesi na kuvujia ndani ya pampu. Ugonjwa unaokuja na baridi na kuondoka na jua humwambia mtafutaji aanzie kwenye vitu vinavyohusika na baridi.

Asubuhi ya pili alianza na betri, kwa sababu ndiyo nyepesi kupima. Kabla ya kuwasha, mita ilionyesha volti 12.5, betri iliyojaa husoma kama 12.6, na ikishuka chini ya 12.4 yafaa ichajiwe. Wakati starta inazunguka ilibaki juu ya volti 10, nayo ni hali njema. Ingeshuka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri au nyaya zingekuwa mashakani. Hata hivyo alifungua vichwa vya betri, akaondoa ule unga wa kijani na mweupe, akasugua hadi risasi ikang’aa, akafunga upya. Akafanya vivyo hivyo kwenye waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi la injini, ambao watu wengi huusahau.

Kisha akajaribu dizeli. Juu ya kichujio cha dizeli kuna pampu ndogo ya mkono. Gari likiwa limelala usiku kucha aliibonyeza kabla ya kuwasha. Ilikuwa ngumu tangu mbonyezo wa kwanza. Ingekuwa laini na kuhitaji kubonyezwa mara nyingi, na gari likawaka vizuri baada ya hapo, hiyo ingekuwa ishara kwamba mahali fulani bomba linavuta hewa na dizeli inarudi kwenye tangi usiku. Alifungua pia skrubu ya chini ya kichujio. Yakatoka maji kijiko kimoja tu, kisha dizeli safi.

Ndipo akafika kwenye hita plagi. Katika dashibodi kuna taa ndogo ya manjano yenye alama ya waya uliojikunja, nayo ilikuwa ikiwaka na kuzimika vizuri kila asubuhi, na kwa ajili hiyo hakuna aliyekuwa amezishuku. Mzee akatabasamu. “Taa hiyo ni saa tu,” akasema. “Inawaambia muda umepita. Haiwaambii kama kuna kilichopata joto.” Akafungua kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi zote sita, akachukua taa ya kujaribia, akafunga upande mmoja kwenye chanya ya betri, na kwa upande mwingine akagusa kichwa cha kila plagi. Plagi nzima hupitisha umeme na taa huwaka. Iliyokatika ndani huacha taa gizani. Ya kwanza: giza. Ya pili: giza. Ya tatu ikawaka. Ya nne: giza. Ya tano ikawaka. Ya sita: giza. Silinda nne kati ya sita zilikuwa zikiamka kila alfajiri bila moto wowote wa kuota. Umeme ulifika kwenye kile kipande cha chuma bila tatizo, maana yake rilei na fyuzi vilikuwa vizima.

Asubuhi ya tatu alitafuta sababu ya udhaifu ule wa kilometa za mwanzo, kwa kuwa hita plagi peke yake isingeueleza wote. Injini iliwashwa ikiwa baridi, naye akaweka kiganja juu ya rejeta. Katika gari zima, rejeta hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kwa sababu mlango mdogo uitwao thamostati hufungwa ili maji yazunguke ndani ya injini peke yake hadi yafikie nyuzi 80 hivi. Rejeta yetu ilianza kupata uvuguvugu mapema na polepole. Akafungua nyumba ya thamostati, akakuta hakuna kitu ndani. Fundi fulani, miaka mingi kabla gari halijatufikia, aliitoa.

Wasomaji wetu wengi watalitambua jambo hili, kwani nchini mwetu ni desturi iliyoenea. Gari likichemka, thamostati huwa mtuhumiwa wa kwanza. Hutolewa na kutupwa, na mwenye gari huambiwa kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Lakini Makete si Dar es Salaam. Injini isiyo na thamostati huku hupoozwa na upepo wa baridi tangu inapowashwa, na kwenye miteremko mirefu hurudi kuwa baridi hata baada ya kupata joto. Dizeli haiungui vizuri, sehemu yake huchuruzika na kuchanganyika na oili, na matumizi huongezeka. Tena katika injini za namna hii kifaa hicho hufunga pia njia ya pembeni ya maji. Kikiondolewa, sehemu ya maji hukwepa rejeta, na gari linaweza kuchemka kwenye kilima kirefu wakati uleule linapoganda kwenye mteremko. Aliyekiondoa ili kuzuia joto aliweza kuwa ameliita.

Jambo la mwisho lilikuwa oili. Kwenye injini mlikuwa na oili nzito ya namba 40 tupu, inayopendwa kwa magari yaliyochakaa kwa sababu hupunguza moshi wa bluu na kelele. Asubuhi ya baridi oili hiyo huwa kama asali. Oili ya 15W-40 huwa nyepesi zaidi wakati wa baridi na bado hubaki na unene wa 40 injini ikiwa ya moto. Ile herufi W yenyewe huashiria majira ya baridi.

Zikanunuliwa hita plagi sita mpya, za volti ileile iliyoandikwa kwenye zile za zamani, kwa kuwa zipo za volti tofauti na zikichanganywa huungua mara moja au hazipati joto la kutosha. Ikanunuliwa thamostati na gasketi yake, na oili pamoja na kichujio chake. Gharama yote, pamoja na nauli ya kwenda kuvinunua, haikufikia hata moja ya kumi ya hesabu ya kwanza. Asubuhi iliyofuata, sakitu ikiwa nje, ufunguo uliwekwa hatua ya kwanza, tukangoja, tukawasha. Gari likashika kabla starta haijamaliza mzunguko wa tatu.

Je, lilipona kabisa? La. Moshi mweupe kidogo uliendelea kuonekana kwa nusu dakika, na mlio ulikuwa na kigugumizi. Mzee akalegeza nati ya bomba la kila nozeli kwa zamu, injini ikiwa inanguruma taratibu, mikono na macho yake yakiwa mbali na dizeli itokayo kwa nguvu kubwa. Alipolegeza ya silinda ya nne mlio haukubadilika, maana yake silinda ile haikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Nozeli zikapelekwa kupimwa baada ya mavuno, na mbili zikabadilishwa ncha. Kwa hiyo fundi wa kwanza hakuwa mwongo. Nozeli zilikuwa na kasoro kweli. Alichofanya ni kuanzia mwisho wa safari, na kwa bei ya mwisho. Na kuhusu nguvu ya kupanda milima, sehemu yake haitarudi kamwe, kwa kuwa imechukuliwa na mwinuko wenyewe na kwa umri wa gari.

Kuna mambo mawili ambayo hatuna budi kuyasema kwa uwazi kwa kuwa yanahatarisha uhai. Wapo wanaoweka jiko la mkaa chini ya injini ili oili ilainike. Dizeli na oili zinazodondoka, mpira na nyaya, vyote huweza kushika moto, na jiko hilo likiwekwa ndani ya banda lililofungwa hutoa hewa ya sumu inayoua bila harufu. Wapo pia wanaopuliza dawa ya kuwashia ya kopo kwenye mlango wa hewa. Katika injini yenye hita plagi, dawa hiyo inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Kuegesha gari mteremkoni ni bora kuliko yote mawili, ingawa mteremko si tiba.

Wenye magari ya petroli ya zamani nao wasijione wamesahaulika. Kanuni ni ileile: anzeni na betri, kisha plagi na nyaya zake, ambazo unyevu wa ukungu hupenda kuzizimisha. Penye kabureta, tazameni kama choki inafunga kweli, maana mara nyingi waya wake umekwama au umekatwa. Penye mfumo wa sindano za umeme, kihisio cha joto la maji kikidanganya kwamba injini ni ya moto, kompyuta hutoa petroli kidogo kuliko inavyohitajika. Na thamostati ni thamostati kwa wote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tungethubutu kuongeza kwamba hata asiyeyaficha anaweza kuumbuliwa, kama atakubali kila dawa anayoambiwa bila kuuliza ugonjwa ni upi. Mzee yule alitufundisha utaratibu ambao unatumika mbali zaidi ya gereji: uliza kabla ya kufungua, pima kilicho rahisi kabla ya kilicho ghali, badilisha kitu kimoja, tazama matokeo, ndipo uende kwenye kingine, na usimwamini sana mwenye kuwaka taa tu. Tunapohangaika na mtoto asiyefanya vizuri shuleni, au na ndoa iliyopoa, au na kikundi cha kina mama kilichoacha kukutana, ni mara ngapi tunakimbilia kufumua injini nzima kabla ya kujua ni silinda ipi iliyokosa joto?

Baridi ya mwaka huja kwa ratiba yake, haimshtukizi mtu. Basi mwezi wa Mei, kabla sakitu haijaanguka, pimeni betri, jaribuni hita plagi moja moja, mwageni maji ya kichujio, na muulize kama thamostati ipo mahali pake. Ni kazi ya asubuhi moja. Huenda usiku fulani wa Julai mlango ukabishwa, na mtu aliye nje hatakuwa na muda wa kusubiri vijana waamshwe.